Nyumba ya Mkono wa Kulia

Kazi yangu ilikuwa kuifanya nyumba isiyokaliwa na mtu ionekane kama wenyewe wametoka kidogo tu, wanarudi sasa hivi. Tuliiita nyumba ya mfano. Ilijengwa chini, karibu na geti la ujenzi, ili wateja waione kabla ghorofa lenyewe halijasimama. Kila asubuhi nilifungua madirisha, nikafuta vumbi la saruji, nikanyoosha mashuka ya kitanda ambacho hakuna aliyewahi kukilalia, nikapanga vikombe mezani. Matofaa kwenye bakuli yalikuwa ya nta. Televisheni ilikuwa boksi lililopakwa rangi nyeusi. Vitabu vilikuwa majalada matupu, ndani hewa. Jiko lilikuwa jiko kweli, ila halikuwa na gesi. Bomba lilikuwa bomba kweli, ila ulifungue mpaka uchoke, halitoi hata tone.

Mteja akifika, bosi wa mauzo alitoka ofisini na shati lililopigwa pasi hadi linakata. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Mwelekeo, kwa sababu hakuweza kumaliza maelezo bila neno hilo.

"Tazameni miji yote mikubwa," alikuwa akiwaambia. "Mji wa bandari, nyumba mpya zinazoanza kujengwa zimepungua, ardhi imekwisha. Mji wa viwanda, watu wanakimbilia pembezoni, wanajenga hukohuko porini, barabara itawakuta. Hapa kwetu mwelekeo ni mmoja tu." Halafu ananyoosha kidole juu, na wateja wote wanatazama dari. Ndiyo maana dari niliifagia kila siku.

Jioni nilimrudia mama na maneno hayo. Mama haoni. Presha ya macho ilimchukulia jicho moja, ikapumzika, ikaja kuchukua la pili. Kwa wakati huo alikuwa ameshatulea mimi na kaka yangu kwa kuuza chai barazani kwetu, mtaa wa nyuma ya ujenzi, na aliendelea kuuza vilevile akiwa haoni. Watu walimwita Mama Birika. Birika lake lilikuwa la bati zito, limebonyea tumboni, na hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kulishika.

"Bosi wako anasema mji unakwenda juu," mama alisema. "Huko juu kuna nini?"

"Kuna nafasi, mama."

"Hata kaburini kuna nafasi."

Lakini alijua kwamba kicheko hakitazuia tingatinga. Mtaa wetu ulikuwa umekwisha kuuzwa kwa kampuni. Kila mwenye nyumba angevunjiwa, na badala yake apewe nyumba moja ndani ya ghorofa. Vijana walifurahi, lifti, maji ndani, choo ndani. Mama alikuwa na swali moja tu, na alituuliza mimi na kaka tukiwa tumekaa wote kwenye mkeka.

"Humo ndani nitatembea mwenyewe, au nitatembezwa?"

Kaka ni msuka nondo. Alikuwa amefanya kazi kwenye ghorofa hilohilo, akafunga vyuma vya nguzo na vya zege mpaka juu, kisha kabla kuta hazijainuliwa akahamishiwa jengo jingine. Alikuna kichwa. "Mama, si tutakuwepo?"

"Sijauliza kama mtakuwepo. Nimeuliza nitatembea, au nitatembezwa?"

Kaka akainuka kwenda kulala. Ila mimi usingizini wazo lilinijia, na asubuhi nilimfuata Bwana Mwelekeo mapema kabla hajaanza kunyoosha kidole. Nikamwomba Jumapili, siku isiyo na wateja, nimlete mama kwenye nyumba ya mfano aizoee. Nyumba zote si zinafanana?

"Zote ramani moja," alisema. "Mlete, dada. Mlete kabisa. Mimi mwenyewe mama yangu angekuwa hai ningefanya hivyo." Na alimaanisha, sio mtu mbaya yule.

Basi Jumapili tukaanza. Nilitaka kumshika mkono pale mlangoni, akanipiga kikofi kidogo. "Niachie. Mtu hafundishwi kuogelea akiwa mgongoni mwa mwenzake."

Mama hahesabu hatua. Anasema hatua huhesabiwa na mwenye mashaka. Yeye huenda kwa mkono wa kulia, vidole vinapapasa ukuta taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mkono wa kushoto ulimwagikiwa na maji ya moto miaka mingi, ncha za vidole hazisikii kitu. Huo ni wa kubebea birika tu. Aliingia, akapapasa. Kulia kwake mlango wa jiko. Akatoka, akaendelea, mlango wa bafu. Akaendelea, chumba chake. Mwisho wa ukuta, kabati. Kushoto yote ilikuwa sebule na roshani, ambako alisema hana shida nako. "Huko ni kwa wageni na upepo."

Siku ya kwanza alijigonga paji la uso. Jumapili nyingine akagonga bega. Baada ya hapo hakugonga tena. Aliokota tofaa moja bakulini, akaling'ata kabla sijamwahi.

"Toba! Mshumaa!"

"Ni ya nta, mama. Ya maonyesho."

Akapapasa televisheni ya boksi, akapapasa vitabu vitupu, akafungua bomba akasikiliza. "Watu wa nyumba hii hawali, hawanywi, hawasomi. Ni malaika, au ni wabunge?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuja siku moja kutazama. Yeye na mama wametaniana tangu sijazaliwa. Alimwona mama anatoka chumbani, anapita bafuni, anaingia jikoni, anasimama mbele ya jiko hasa, anazungusha swichi bila kupapasa.

"Shoga, wewe unaona. Umetudanganya miaka yote tukubebee maji."

"Naona ubaya wako tu, mengine sioni."

"Nyumba njema si mlango, Mama Birika. Usije ukaisifia kabla hujalala."

"Nitalala, na asubuhi utakuja kunywa chai niliyoipika mwenyewe. Mtaa mzima mtakuja. Na asinishike mtu."

Hayo ndiyo aliyoyaahidi, na mtaa mzima ulisikia, maana fundi cherehani akisikia jambo ni sawa na kulitangaza kwa kipaza sauti.

Siku ya kuhama ikafika. Tulipopewa ufunguo kaka alimvalisha mama shingoni kwa kamba. Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya tatu. Majirani walikuwa wamekusanyika kwenye korido, wengine na mabegi yao bado kichwani, kumwona Mama Birika akiingia kwake. Kwenye lifti alikuwa mtulivu kama bibi harusi. Birika mkono wa kushoto, limejaa maji aliyoyachota bomba la zamani, eti maji ya kwanza yawe ya kwao.

Kaka akaongoza ufunguo kwenye tundu, mama akauzungusha mwenyewe. Mlango ukafunguka, harufu ya rangi ikatupiga usoni. Mama akanyoosha mkono wa kulia, akaingia.

Mkono haukugusa kitu.

Akasogea. Bado hewa. Akasogea tena, vidole vimetanuka, akagusa kioo baridi. Mlango wa roshani. Akasimama. Watu wa koridoni walianza kushusha mabegi mmoja mmoja.

"Tumekosea mlango," mama alisema.

Kaka akacheka kidogo. "Hapana mama, namba ndiyo hii."

"Tumekosea mlango. Angalia vizuri."

Akageuka, akatoka mwenyewe nje, akasimama kizingitini, akashusha pumzi. Halafu akaingia upya, polepole, mkono wa kulia mbele, kama mtu aliyesahau neno akarudia wimbo toka mwanzo apate kulikumbuka. Hewa. Hewa. Kioo.

Hapo ndipo mimi macho yangu yalipofunguka, nikaona kila kitu kwa mara moja. Jiko lilikuwepo. Bafu lilikuwepo. Chumba kilikuwepo. Ila vyote vilikuwa kushoto. Nyumba ilikuwa ileile, imegeuzwa kama ukiitazama kwenye kioo.

Fundi bomba aliyekuwa anamalizia kazi koridoni alitueleza bila kujua anachokieleza. "Hizi zinajengwa kama ndala, pea. Moja ya kulia, moja ya kushoto, zinatazamana milango ili mabomba ya zote yapite koridoni pamoja. Ya mfano ilikuwa ya kulia. Nyinyi mmepata ya kushoto. Ya kulia ni hiyo hapo mbele." Akaonyesha mlango wa upande wa pili wa korido.

Kaka alisimama amekunja uso. Nondo alizisuka kwa mikono yake, lakini nondo za nguzo ukizitazama hazikuambii jiko litakuwa wapi. Bwana Mwelekeo alisema zote ramani moja, na kwa mtu mwenye macho ni ramani moja kweli. Na mimi nilikuwa nafuta vumbi chini siku zote. Juu hatukuruhusiwa kupanda.

Mama aliliweka birika sakafuni. Hakuliweka kwa hasira. Aliliweka kama mtu anayeweka kitu cha watu.

"Shoga," fundi cherehani alisema, akamrekebishia khanga mabegani. Chai ya siku ile niliipika mimi. Watu waliinywa wamesimama, wakaaga haraka.

Nilimfuata Bwana Mwelekeo. Alisikiliza, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Dada, sikufikiria. Wallahi sikufikiria." Akasema la kufanya ni dogo, tubadilishane na mwenye nyumba ya mbele. Akatafuta nani amepewa, uso ukamshuka. Hakupewa mtu wa mtaa. Ilinunuliwa na bwana mmoja wa mji mwingine, aliyenunua kadhaa kwa mpigo, wala hana nia ya kukaa.

"Anazifanyia nini?"

"Anazisubiri zipande bei. Akiweka mtu, zinachakaa." Akafunga faili. "Huo ndio mwelekeo wa siku hizi, dada. Nusu ya zinazojengwa."

Alimpigia simu mbele yangu, zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti. Mara ya mwisho yule bwana alipokea. Nilisikia sauti yake ndogo, ya mtu aliye barabarani. Alisema upande wa kulia unapata jua la asubuhi, hawezi kubadilisha, lakini anamwombea mama heri. Bwana Mwelekeo alikata simu, akatazama kidole chake kama hakijui.

Basi mama akaanza kujifunza upya. Msiseme hakujaribu. Alijaribu asubuhi, alijaribu mchana. Mkono wa kushoto ukutani haukumwambia kitu. Alipita mlango wa jiko kama hakuna mlango. Akijaribu kutembea kinyumenyume ili mkono wa kulia ushike ukuta wa kushoto, alijikwaa. Nilifunga kamba toka chumbani hadi jikoni, akaifuata siku chache, kisha akaifungua mwenyewe. "Mbuzi ndiye anayefungiwa kamba." Tatizo halikuwa kichwa. Kichwani alijua. Lakini akisahau kidogo tu, akiwa na usingizi au anawaza, mkono wa kulia ulimpeleka ulikofundishwa.

Asubuhi moja niliamka sikumkuta kitandani. Mlango wa roshani ulikuwa wazi. Mama alikuwa kwenye roshani, birika mkononi, ameinama juu ya ukingo, mkono wa kulia unatafuta bomba hewani. Ukingo ulimfika kiunoni. Chini kulikuwa na lundo la kokoto.

Sikupiga kelele. Nilienda polepole, nikamshika kiuno kwa nyuma.

"Bomba limehama," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hapa ni wapi?"

Nikamwambia. Akalikumbatia birika kifuani, akarudi nyuma hatua moja moja mpaka ndani.

Jioni kaka alifunga roshani kwa kufuli. Akafunga na mtungi wa gesi, akasema mama asiguse jiko tena. Aliyasema kwa upole, amepiga magoti mbele yake. "Mama, nikikupoteza kwa kikombe cha chai nitajisamehe vipi?"

"Umenifungia nje ya jiko langu, mwanangu?"

"Mama..."

"Mimi nimekuuliza tu."

Kaka alitoka nje. Nilimsikia koridoni anapiga nguzo kwa kiganja, nguzo ya zege ambayo ndani yake mna nondo alizozisuka.

Tangu hapo mama alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilimwogesha, nikampeleka, nikamrudisha. Wateja wake wa chai walianza kunywa kwingine. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta yuko nje, upande wa pili wa korido. Amesimama kwenye mlango wa nyumba ile tupu. Mkono wa kulia umelazwa kwenye fremu.

"Hodi," alikuwa anasema. Si kwa nguvu. "Hodi wenyewe."

"Mama, humo hakuna watu."

"Najua. Ndiyo maana napiga hodi. Ingekuwa na watu ningeona haya." Akapapasa ule ukuta karibu na mlango, mpaka ulipoishia. "Jiko liko hapa hapa nyuma. Nalisikia."

Nilisimama naye. Nilikuwa na ufunguo wa ofisi, ufunguo wa geti na ufunguo wa nyumba ya mfano. Wa mlango ule sikuwa nao. Baadaye nilimpa mkono, akasema hapana, akarudi kwa kuburuta miguu sakafuni, mikono yote miwili mbele kama mtu anayesukuma mlango usioonekana.

Kisha Bwana Mwelekeo akaniita ofisini. Nyumba zote zilikuwa zimekwisha. Nyumba ya mfano haikuhitajika tena. Itabomolewa pawe maegesho ya magari. Mimi nitahamia jengo jipya, mwelekeo ni mzuri, wataanza jingine ng'ambo ya reli, ghorofa refu zaidi. Aliongea haraka, hakunitazama. Mlangoni akaniambia, "Tingatinga linaingia Jumatatu. Jumapili sitakuwepo. Ufunguo bado unao, sivyo?"

Nilimwambia mama. Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe birika langu."

Jumapili nikampeleka. Eneo lilikuwa kimya, mashine zimelala. Mlangoni nikamwachia mkono. Alisimama, akavuta khanga yake vizuri mabegani, akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vikagusa ukuta, na mimi niliona, kwa macho yangu haya, mgongo wa mama yangu unanyooka.

Aliingia jikoni bila kugusa kitu kingine. "Mgeni, kaa sebuleni," alisema kwa sauti yake ya barazani, ile ya zamani. "Mbona umesimama kama mdai?"

Nikakaa.

Alifungua bomba. Halikutoa kitu. Alilishikia birika chini yake, akasubiri kwa muda ule ule ambao birika lake huchukua kujaa, akalifunga. Akaliweka jikoni, akazungusha swichi. Wakati wa kuchemka akaenda chumbani, nikasikia ananyoosha shuka nililolinyoosha tayari. Akapita bafuni, akarudi. Akachukua vikombe mezani, akavipanga, akamimina. Kikombe changu aliniletea mwenyewe, mikono miwili, bila kumwaga.

Nikanywa. Kikombe kilikuwa na vumbi la saruji ndani.

"Sukari imekolea?"

"Imekolea, mama."

"Sema kweli, usinipendelee."

"Haijawahi kukolea hivi."

Akakaa mbele yangu, akanywa chake taratibu mpaka mwisho, kama kawaida yake, akapuliza kidogo kama kuna mvuke. Baadaye alisimama, akakusanya vikombe vyote viwili, akavisuuza chini ya bomba, akavifuta kwa ncha ya khanga, akavirudisha mezani palepale nilipovipanga. Kisha akatembea nyumba nzima mara moja zaidi, toka mlangoni hadi kabatini, mkono ukutani. Kwenye kabati alikawia. Nilidhani anapumzika. Alikuwa anaaga.

Aliporudi mlangoni alikuwa na birika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliutoa ukutani, akaunyoosha kwangu, kiganja juu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nishike."